Mashine za kutu za paundi 90: ninunue au niziache?

Jumamosi moja ya mwezi Machi nilikuwa narudi kutoka zamu ya usiku, macho mekundu, miguu inauma, nikamkuta bibi wa nyumba ya tatu kutoka kwangu amesimama mlangoni mwa banda lake la gari. Mume wake alifariki kabla ya Krismasi. Nilimpelekea keki wakati wa msiba, na tangu hapo tukawa tunasalimiana kwa majina, jambo ambalo katika mtaa huu wa kaskazini mwa Uingereza si dogo. Akaniita: "Wewe si uliniambia mdogo wako ni seremala? Njoo uone."

Mle ndani kulinuka mafuta ya mashine na mbao kavu, nikamkumbuka marehemu baba na karakana yake ya Ngamiani, Tanga. Kulikuwa na msumeno wa meza, drili ya kusimama ya chuma kizito, randa ya umeme, msumeno wa duara wa kushika mkononi, grenda mbili, drili tatu za betri, na sanduku refu la mbao lililofunikwa gunia. Paa lilivuja wakati mzee yuko hospitali na hakuna aliyejua. Vitu karibu vyote vilikuwa na kutu. Drili ya kusimama ilikuwa mbaya zaidi, nguzo yake imekuwa rangi ya udongo wa Muheza. Msumeno wa meza peke yake, kwa kuwa ulifunikwa turubai, ulikuwa unang'aa.

Bei yake: paundi 90 kwa vyote, mradi nivitoe kabla ya mwisho wa mwezi, maana nyumba inauzwa.

Nikapiga picha nikamtumia mdogo wangu. Haikupita dakika moja. "Shikamoo dada. Chukua vyote. Huo msumeno wa meza ndio ninaoutafuta miaka yote." Na kontena la yule ndugu tunayesafirisha naye mizigo lilikuwa linafungwa baada ya siku 13.

Nikamjibu asubiri kwanza. Nilikuwa nafikiria kidole chake.

Mwaka 2019, nikiwa bado mgeni hapa, nilinunua msumeno wa duara kwenye soko la Jumapili, lile ambalo watu hupanga magari uwanjani, wakafungua buti na kuuza vitu vya nyumbani. Paundi 8. Ulikuwa na kutu kidogo, nikausugua kwa pamba ya chuma mpaka ukapendeza, nikautia ndani ya pipa katikati ya mablanketi na sabuni. Kile kifuniko cha chini ya meno, ambacho hurudi chenyewe kufunika meno unapomaliza kukata, kilikuwa kimekwama juu. Nilikiona. Nilijisemea, huko watajua la kufanya.

Baada ya miezi mitatu msumeno ule ulimkata pingili ya juu ya kidole cha shahada, mkono wa kushoto. Alimaliza kukata, akaushusha kando huku meno bado yanazunguka, na hakukuwa na kitu cha kuyafunika. Alifunga jeraha kwa kitambaa cha kufutia vanishi, akapanda bodaboda kwenda hospitali. Mimi sikuambiwa. Mama ndiye aliyeteleza ulimi mwezi uliofuata, tukiwa tunazungumza habari nyingine kabisa. Nilipompigia na kumuuliza kwa nini alitumia kifaa kibovu namna ile, alinijibu kwa upole: "Dada, si umetuma wewe? Nilijua umekiangalia."

Mimi ni muuguzi. Nina diploma ya nyumbani na digrii ya huku, na kwa miaka sasa nafanya kazi idara ya dharura. Mikono iliyokatwa na mashine nimeifunga mingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Jibu lile nimekaa nalo.

Kwa hiyo safari hii sikutaka kununua kwa huruma wala kwa tamaa ya bei. Nilimwomba msaada kaka mmoja wa Mombasa, fundi umeme wa majengo hapa mjini, aje tuangalie pamoja. Alikuja Jumapili na mfuko wa vifaa na thermos ya chai ya tangawizi. Aliponiona nimesimama mbele ya ile drili iliyooza nasikitika, akacheka. "Dadangu, kutu ni koti tu. Mvue koti kwanza ndipo useme ni mgonjwa."

Alichonifundisha siku ile ndicho kilichonifanya niandike makala hii, kwa sababu najua wengi wetu tunafanya kama nilivyofanya mimi mwaka ule.

Kutu iko ya aina mbili. Kuna ile ya juu juu, unga wa rangi ya chungwa, ambayo ukiparua kwa ukucha au kwa wembe inatoka na chuma kinabaki laini. Hiyo ni uchafu. Siki nyeupe ya jikoni inaitoa: unaloweka kipande usiku kucha, asubuhi unasugua kwa brashi ya waya, unasuuza kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua ukali wa siki, unakausha haraka na kupaka mafuta. Usichelewe kwenye kukausha, maana chuma kilichotoka kwenye siki kinashika kutu mpya mbele ya macho yako. Na usiloweke kamwe kitu chenye mota, waya au beringi ndani yake. Kisha kuna kutu inayokula. Unaparua, unakuta mashimo, chuma kimekuwa kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Mashimo kwenye mguu wa mashine hayana neno. Mashimo kwenye meno ya msumeno, kwenye ekseli, kwenye mdomo unaokaza keekee, au ufa kwenye chuma cha kusubu, hayo ni ya kuogopwa, kwa sababu kipande kikiruka katika mwendo ule hakimchagui mtu.

Tuliiparua nguzo ya drili. Unga ukatoka, chini yake chuma kikawa kizima, laini kama kijiko.

Nifungue mabano hapa kama muuguzi, kwa sababu mama alipoona zile picha alisema jambo la kwanza linalosemwa na kila mzazi: kutu italeta pepopunda. Kutu haileti pepopunda. Vijidudu vyake vinaishi kwenye udongo, vumbi na kinyesi cha wanyama, na vinapenda jeraha lenye kina, lisilopata hewa. Msumari wenye kutu umepata sifa mbaya kwa sababu mara nyingi huwa umelala udongoni, na huchoma ndani. Chombo kisicho na kutu hata chembe, kikiwa kimeangukia vumbi la karakana, kinaweza kufanya vilevile. Chanjo ndiyo kinga. Watoto wetu huchanjwa, akina mama huchanjwa wakiwa wajawazito, lakini kijana wa kiume akishamaliza chanjo za utotoni anaweza kufika miaka 40 bila mtu kumuuliza. Mdogo wangu nilipomuuliza alipata mwisho lini, alinitumia alama ya kucheka. Nilimwambia haondoki na mashine yoyote mpaka anitumie picha ya kadi. Aliituma siku ya nne.

Turudi bandani. Baada ya chuma tulikwenda kwenye mota, na plagi bado haijachomekwa popote. Kaka wa Mombasa alizungusha kila kitu kwa mkono. Kinatakiwa kizunguke kimya. Ukisikia mkwaruzo kama mchanga kwenye chungu, beringi imekwisha. Beringi si gharama kubwa, namba yake imechongwa pembeni, fundi anabadilisha. Kisha alishika ekseli na kuitikisa juu na chini, kushoto na kulia. Ikicheza sana, basi hata ukiweka beringi mpya inawezekana kiti chake kimeliwa. Halafu akanusa. Kweli, akainama akanusa matundu ya kupitishia hewa kama mtu anayenusa maziwa. Koili iliyoungua ina harufu yake, kali na tamu kidogo, haitoki hata baada ya miaka. Grenda moja ilikuwa na harufu hiyo. Hatukuihangaikia tena.

Waya ndio uliomchukua muda mrefu. Alizipitisha zote kati ya vidole kutoka plagi mpaka kwenye mashine, akizikunja kila hatua. Mpira wa zamani unakauka, unapasuka unapoukunja. Waya ya msumeno wa duara ilikuwa imeungwa kwa utepe mahali pawili. Waya peke yake si sababu ya kuacha mashine, unabadilishwa. Ila kuna jambo ambalo sikulijua: kama ganda la mashine lina alama ya mraba ndani ya mraba, imejengwa kwa kinga mbili na haihitaji waya wa ethi. Kama alama hiyo haipo na ganda ni la chuma, kama ile drili ya kusimama, basi lazima iwe na waya tatu, na ethi ya pale itakapotumika lazima iwe inafanya kazi. Aliniuliza: "Karakana ya mdogo wako ina ethi?" Nikampigia mdogo wangu. Akasema, "Ipo, dada." Kaka akachukua simu. "Ipo, au kuna tundu la tatu kwenye soketi?" Kimya. Kisha mdogo wangu akacheka, nasi tukacheka, na ikajulikana kwamba kabla ya mzigo kufika fundi umeme atakwenda kuchimbia fimbo ya shaba na kuweka swichi inayokata yenyewe umeme unapovuja. Hilo tuliliingiza kwenye bajeti kama tulivyoingiza nauli ya meli.

Tulipochomeka, tulipitishia kwenye kifaa cha aina hiyohiyo. Grenda ya pili ililia vizuri, ndani ya matundu kukawa na cheche ndogo za samawati. Hizo ni za kawaida kwa mota yenye kaboni. Cheche zikizunguka duara zima kama pete ya moto, kaboni zimekwisha au mota yenyewe inakufa. Randa ya umeme ilizunguka lakini kisu hakikuzunguka. Nilidhani imekufa. Kaka akafungua kifuniko cha pembeni, mkanda umekatika, basi. Na visu vya randa nyingi za mkono vina upana wa milimita 82, kwa hiyo kuvipata si kazi hata Tanga. Drili ya kusimama iliunguruma bila kuzunguka. Alipoizima na kuiwasha tena huku akiisukuma mkanda kwa kijiti, ikashika mwendo taratibu, kisha ikazunguka kama saa. Ni kapasita tu, akasema, kitu cha paundi chache. Alinionya nisiiguse mwenyewe, maana kapasita huhifadhi umeme hata mashine ikiwa imechomolewa.

Drili za betri tuliziacha bila mjadala. Betri zake zilikuwa za zamani, zimekufa, na za aina ile hazitengenezwi tena. Drili ya betri isiyo na betri ni kizuizi cha mlango. Na mawe ya grenda, ingawa kulikuwa na boksi zima ambalo halijaguswa, yalikwenda kwenye pipa la taka. Yale yaliyofungwa kwa gundi yana tarehe ya mwisho, imeandikwa kwenye ile pete ya chuma ya katikati, kwa kawaida miaka 3 tangu kutengenezwa. Yakikaa kwenye unyevu yanadhoofika, na jiwe linalopasuka kwenye grenda nimeshaona linachofanya usoni. Sitaeleza zaidi, watu wanakula.

Swali la umeme wa nyumbani kwangu lilikuwa jepesi, lakini kwako huenda si jepesi. Uingereza na Tanzania zote zinatumia volti 230 na hezi 50, na plagi ni ileile ya miguu mitatu ya bapa. Ila angalia vifaa vya njano vya wajenzi wa hapa: vingi ni vya volti 110, vinatumia transfoma yake, na ukivichomeka Tanga vitaungua siku hiyohiyo. Uliye Marekani, umeme wako ni volti 120 na hezi 60. Kifaa chako nyumbani kitahitaji transfoma kubwa, nzito, yenye bei, na kwa mota kubwa sikushauri uanze safari hiyo. Muscat, Dubai, Doha na Kuwait mko salama kwenye hezi. Saudia ni hezi 60 hata kama volti zinalingana. Mota zenye kaboni hazijali, lakini mota zisizo na kaboni, kama za drili za kusimama na misumeno mikubwa, zitazunguka polepole zaidi na kupata joto kuliko zilivyokusudiwa. Soma kibao cha mashine kabla ya kusoma bei.

Kuna wenzetu wanaosema, hata kama ni kibovu tuma tu, mafundi wa nyumbani wanafufua chochote. Mafundi wetu ni hodari, kweli. Lakini mashine ya umeme iliyokufa ukiipakia kwenye kontena haihesabiwi tena kuwa mali iliyotumika, inahesabiwa kuwa taka za umeme. Uingereza inataka kinachosafirishwa kiwe kimepimwa na kinafanya kazi, na tangu tarehe 1 Januari 2025 Mkataba wa Basel unazihusu taka zote za umeme, hata zisizo za hatari, kwamba hazivuki mpaka bila idhini ya nchi inayopokea. Mimi hata bila sheria nilishapata jibu langu. Yale maneno "huko watajua la kufanya" niliyasema mara moja. Kama umepata vyombo vibovu na unataka visipotee, yako mashirika ya hisani hapa, kama Tools With A Mission la Ipswich na Workaid la Chesham, yanayokusanya vyombo vilivyotumika, yakavitengeneza kwanza, ndipo yakavipeleka Afrika.

Basi tukabaki na msumeno wa meza.

Ndio uliokuwa msafi kuliko vyote. Meza yake haina doa. Mota imetulia, waya mzima, beringi kimya, umeme wa kwetu. Mdogo wangu alikuwa hewani kwenye video akitazama kila hatua, na alipousikia unalia alipiga kofi. Kaka wa Mombasa alizima, akachomoa plagi, akauzunguka mara mbili. "Kinga yake iko wapi?" Kifuniko cha juu ya meno hakikuwepo. Wala kile kisu chembamba kinachosimama nyuma ya meno, kinachozuia ubao usifunge na kubana msumeno. Ubao ukibana, meno ya nyuma yanauinua na kuurusha kwa anayesukuma, na mkono uliokuwa unasukuma unavutwa mbele. Tulitafuta kwenye makopo yote, juu ya rafu, ndani ya gunia. Bibi akatoka na kikombe cha chai, tukamuuliza. Akasema mume wake alivitoa siku ya kwanza tu, vilimkera, na ni miaka zaidi ya 30. Aliyeutengeneza hayupo sokoni tena. Vipande vyake havipatikani.

Nikamwambia mdogo wangu kwamba huu hauji.

Sikumuona amekasirika hivyo tangu tukiwa watoto. Alisema atatengeneza kinga mwenyewe kwa bati na mbao. Nikamwambia kifuniko cha juu labda, lakini kile kisu cha nyuma lazima kilingane na unene wa meno na kipande na kushuka pamoja nayo. Kikikosewa chenyewe kinakuwa ajali. Ndipo akaniambia neno ambalo sikuwa na jibu lake. "Dada, mbao zangu nachania wapi kila wiki? Kwa jirani. Mashine ya jirani haina kinga, haina kisu, haina hata swichi ya kuzimia, wanavuta waya. Na ile nailipia kila ubao. Tofauti na hii ni nini?"

Nilikaa kimya. Nilitaka kusema tofauti ni kwamba ile sikuituma mimi, na nikasikia jinsi maneno hayo yalivyo ya mtu anayejitetea mwenyewe tu. Kidole hakijui mashine imetoka kwa nani.

Siku nne hakunipigia. Mama akaingia kati, kwa namna yake. Hakusema nani ana haki. Alinisimulia tu kwamba mdogo wangu sasa anapiga misumari kwa kushika msumari kwa koleo, kwa sababu kile kidole kifupi hakina hisia nzuri, na kwamba wateja hawajui lakini yeye anaona. Kisha akauliza kama huku bado baridi.

Siku ya tano nilimpigia mimi. Nilimwambia niliona kosa katika hoja yangu, lakini msumeno bado siutumi, na badala ya kubishana tufanye hesabu. Nafasi ambayo ungechukua kwenye kontena ni kubwa kuliko vitu vingine vyote pamoja. Meza ya chuma cha kusubu si mchezo. Fedha ya nafasi hiyo, na sehemu yake ya zile paundi 90, na mshahara wa zamu mbili za ziada nilizokuwa nimeshaandikishwa, zinaanza mfuko wa msumeno mdogo mpya wenye kinga zake, wa kununua hukohuko, penye muuzaji wa kumrudia. Yeye aweke anacholipa kwa jirani kila anapoweza. Hakufurahi. Alisema, "Sawa dada, wewe ndiye muuguzi," kwa sauti ambayo kila mwenye mdogo wake anaijua. Mfuko huo mpaka naandika umefika zaidi ya nusu. Mbao bado anachania kwa jirani. Nilimtumia miwani, na fimbo ya kusukumia ubao alichonga mwenyewe nilipomtumia mchoro, na mara nyingine huniambia ameitumia.

Tulichonunua kikawa hiki: drili ya kusimama, randa ya umeme, grenda nzima moja, na lile sanduku refu. Msumeno wa duara pia tuliuacha. Kifuniko chake kilikuwa kinarudi vizuri, nimekijaribu mara ishirini, lakini mkono wangu ulikataa, na kaka wa Mombasa hakuuliza. Bibi alitaka kunipunguzia mpaka paundi 40, nikampa 60, tukaelewana. Swali la mwisho nililomuuliza lilikuwa kama ana karatasi zozote za vitu hivi. Si kwamba nilimshuku yeye. Vyombo vya mafundi vinaibwa sana huku kutoka kwenye magari yao, na ukikuta sokoni namba ya mashine imekwanguliwa, ondoka, hata kama bei inachekesha. Yeye alikuwa na risiti zote ndani ya kopo la biskuti, nyingine za kabla sijazaliwa.

Sanduku hatukulifungua mpaka siku ya kufunga mzigo, tulikuwa tumelisahau kwa ajili ya umeme. Ndani mlikuwa na patasi 14, randa tatu za mkono, tupa na jiliwa, zote zimevaa kutu hiyohiyo ya juu juu. Nilikaa jikoni na ndoo ya siki usiku tatu mfululizo, baada ya zamu, nasugua. Vitu ambavyo havina waya, havina mota, vinangoja mkono tu. Kama ningejua, ningetoa paundi 60 kwa sanduku peke yake.

Mzigo ulifika Tanga baada ya wiki kumi na kitu. Kapasita aliipata Dar, mkanda wa randa aliupata dukani karibu na stendi, ethi ilikuwa imeshachimbiwa. Alinitumia video ya drili ikitoboa ubao wa mtiki wa Longuza, nguzo yake imekwanguliwa kutu na kupakwa mafuta, inang'aa. Lakini ujumbe wa sauti alioutuma usiku ule ulihusu patasi. Alisema kwenye mipini yake kuna herufi mbili zimechomwa kwa chuma cha moto, akaniuliza kama ndizo za jina la yule mzee. Nikamwambia ndizo. Akasema alikuwa anapiga msasa mipini yote ili aipake vanishi upya, lakini mahali pale amepazunguka.

Jana nilimwonyesha bibi picha. Anahamia kwa binti yake wiki ijayo. Alivaa miwani, akakuza picha kwa vidole viwili, akatazama kwa muda, kisha akaniuliza huyo kijana kidole chake kimefanya nini.